Chupa Tupu ya Mto Nyarusenyi

Kabla hujaingiza mguu majini, muulize mtu yeyote mwenye jembe mkononi: mvua kubwa ya mwisho ilinyesha lini? Usiiulize simu yako. Simu itakuambia hali ya hewa ya Ngara mjini, na mto ulio mbele yako huenda umekunywa mvua ya milima mingine kabisa. Muulize mwenye jembe. Kisha andika jibu lake, na uliandike kwa penseli.

Mimi sikuuliza. Ndiyo maana siku moja ya Aprili niliandika kurasa mbili zilizowafukuza mtoni wanawake wa vijiji viwili, wao na chakula chao, na mmoja wao nusura afe. Nawaandikia ninyi mnaopokea chekeche langu. Ni afadhali mnijue kwanza kwa kosa hilo, halafu ndipo mnijue kwa mengine.

Jina langu Konsolata. Nimestaafu nikiwa na miaka thelathini na saba, umri ambao wenzangu wa chuo ndiyo kwanza wanagombea viti vya ofisini vyenye magurudumu. Mgongo ndio ulioandika barua ya kuacha kazi. Daktari alitazama picha yake akaniuliza kama niliwahi kuwa kuli.

"Hapana. Nilikuwa nabeba matope."

"Ya kujengea?"

"Ya kuhesabu."

Akaandika kitu kwenye faili bila kuinua macho. Nadhani hakuniamini.

Kazi yenyewe mtaikuta ilivyo. Unashusha kwa kamba kisanduku cha chuma chenye taya mbili, kinang'ata sakafu ya mto na kupanda na mdomo uliojaa matope. Unayachekecha majini, unachobaki nacho unakimimina kwenye sinia jeupe, unainama, unatafuta kinachotembea. Konokono, kome, minyoo, mabuu wekundu kama uzi wa kushonea, watoto wa kereng'ende ambao bado hawajaota mabawa. Samaki maji yakiharibika anahama. Hawa wa sakafuni wengi hawana pa kwenda, kwa hiyo wanayameza yaliyoletwa na mto, mazuri na mabaya. Ukijua kuwasoma, watakusimulia miezi iliyopita. Usipojua kuwasoma utawasingizia maneno.

Chuoni nilisomea hasa midomo ya mito ya pwani, pale maji ya mto yanapokutana na ya bahari. Wakati wa masika mto unajaa na kuisukuma chumvi nje, na viumbe vya sakafuni vilivyozoea chumvi vinakufa, vinajifukia au vinachukuliwa. Kiangazi mto ukikonda, bahari inarudi ndani, na wakazi wa chini wanabadilika tena. Nililipenda somo hilo, nikafaulu vizuri, kisha nikapangiwa kazi kwenye mradi wa maji huku kwetu, mahali ambapo chumvi pekee iko dukani Benaco.

Nikajisemea: huku hakuna chumvi, basi majira hayana cha kubadilisha. Sikumwambia mtu, kwa hiyo hakuna aliyepata nafasi ya kunicheka mapema.

Aliyenipokea kazini ni Mzee Fidelis, fundi wa sampuli, mtu mfupi mwenye mikono mirefu kuliko alivyostahili. Hakuwa na shahada wala stashahada. Ujana wake aliumalizia kuchota na kupima maji ya kambi kule Lukole wakati wa wakimbizi, na huko ndiko alikojifunza kutoyaamini maji meupe. Siku ya kwanza nilimsalimia kwa heshima zote.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye mtaalamu mpya? Viatu hivyo vizuri. Vya mtoni viko wapi?"

Nilikuwa mtu wa kuuliza. Kwa nini sinia liwe jeupe? Kwa nini tung'ate matope mara tatu kila kituo na si mara moja? Nani alisema? Imeandikwa wapi? Fidelis hakukasirika hata mara moja. Jibu lake lilikuwa lilelile: "Fanya unavyotaka wewe, halafu uone." Nikafanya nilivyotaka, nikaona.

Niliona, kwa mfano, wiki ile niliyoyasukuma matope kwenye chekeche kwa viganja ili yapite haraka. Kilichobaki kilikuwa uji wa vichwa na miguu. "Unasaga unga?" Fidelis akauliza. Chekeche halisukumwi. Lizamishe hadi nusu, lizungushe polepole kama unayepembua mchele, na maji yenyewe yatapita na matope.

Niliona pia habari ya wino. Niliandika majina ya vituo juu ya vifuniko vya chupa za sampuli kwa kalamu nene nyeusi, maandishi ya kupendeza. Tukapanga chupa sandukuni, pikipiki ikaturusharusha kutoka mtoni hadi Benaco, na nilipofungua sanduku, spiriti ya kuhifadhia wanyama ilikuwa imevuja na kuramba kila herufi. Chupa kumi na mbili, zote yatima.

Fidelis akainua moja. "Hii ya wapi?"

"Sijui."

"Na hii?"

"Mzee, sijui."

"Basi tuandike zimetoka mbinguni." Akachomoa penseli fupi nyuma ya sikio. "Wino unapenda pombe, mwanangu. Penseli haionji. Kata karatasi, andika kwa penseli, itumbukize humo humo ilale na wanyama wake. Kifuniko kinaweza kuhamia chupa nyingine. Kilichomo ndani hakihami."

Kuanzia siku hiyo niliandika kwa penseli. Niliandika mahali, tarehe, saa, kina cha maji. Sikuwahi kuandika mvua, maana hakuna aliyenidai.

Sasa Nyarusenyi. Ni mto mdogo. Hamtauona kwenye ramani nyingi. Upande mmoja watu wa Ngara wanalima, upande wa pili watu wa Biharamulo wanalima, na jina lake linatokana na mchanga unaoubeba. Unaishia kwenye ziwa dogo lenye mafunjo mengi. Pale mdomoni mto unachoka, unatua mzigo wake, na sakafu inakuwa laini na yenye chakula. Wazee wa pande zote mbili husema samaki wa ziwa lile hufugwa na mdomo huo, na hawakosei: wanaoliwa na samaki wadogo ndio hao niliokuwa nikiwahesabu.

Aprili ile mradi ulitaka ripoti upesi. Mvua ilikuwa imekatika siku nne, jua kali, mto umeshuka kiasi cha kuingilika. Tukang'ata matope mara tisa mdomoni. Chekeche likabaki na mchanga, mweupe, safi, kama umefuliwa. Tulipata ganda moja la konokono, na mwenyewe hakuwemo.

"Mto umeoshwa," alisema Fidelis.

Nilimsikia, nikadhani ni msemo tu wa watu wazima. Macho yangu yalikuwa yamekwishapanda ukingoni. Pale kando ya mdomo palikuwa na vidimbwi vilivyochimbwa kwa mikono, na juu yake zaidi, mahali mafuriko hayafiki, malundo ya maganda ya muhogo. Mnajua muhogo mchungu. Humenywa, hulowekwa majini siku nne hadi ulainike, ukaanikwa na kutwangwa, ndipo upate unga wa udaga usiomdhuru mtu. Sumu yake huenda wapi? Huenda majini. Hilo nililisoma, na hilo ni kweli. Nikaunganisha maganda na mchanga mtupu, na nilipomaliza kuunganisha nilikuwa na furaha kama aliyekamata mwizi.

"Umewauliza wenyewe?" Fidelis alisema tulipokuwa tunafunga sanduku.

"Niwaulize nini, mzee? Ushahidi umo kwenye chekeche."

"Kwenye chekeche mna hewa."

Nikaandika: sakafu ya mdomo wa Nyarusenyi imekufa, chanzo kinachoelekea zaidi ni ulowekaji wa muhogo. Neno "kinachoelekea" liliwekwa na mimi makusudi, la kujikinga. Lilipofika kijijini lilikuwa limedondoka njiani. Mwenyekiti wa kamati ya mto ya vijiji hivyo viwili, Mzee Hamisi, alisimama mkutanoni akasoma kwamba mtaalamu amethibitisha, na kuanzia siku hiyo kuloweka muhogo mtoni ni marufuku kwa pande zote mbili. Mwezi wa Mei vidimbwi vilifukiwa.

Mimi sikujua. Nilikuwa bonde jingine na chekeche langu, nauliza maswali magumu kuhusu kazi za watu wengine.

Julai tulirudi kuchukua sampuli za kiangazi. Tulipofika njia panda, mwanamke kijana mwenye karai kichwani akatusimamisha. Alitaka kujua kama mimi ndiye Konsolata wa matope. Nikasema ndiye. "Mama mkwe anakuita," akasema, na hakunitazama tena hadi tulipofika.

Mama mkwe wake aliitwa Bi Veneranda. Alikuwa ameketi kwenye mkeka mlangoni, kitambaa kimefungwa kichwani, shingo imekonda. Mbele yake palikuwa na ndoo tatu za plastiki zenye muhogo ndani.

"Shikamoo mama."

Aliipokea salamu yangu kama anayeipima uzito. "Marahaba. Kumbe ni mtoto. Nilidhani aliyeandika ni mtu mzima."

Akanieleza bila kupandisha sauti. Marufuku ilipotoka, kila mtu alihamishia muhogo kwenye ndoo. Maji yanabebwa kichwani kutoka mbali. Ndoo haziloweki kama kidimbwi, nazo hazitoshi, na wengine wanazisubiri. Kwa hiyo siku nne zikawa mbili. Juni yeye mwenyewe alikula ugali wa muhogo wa siku mbili. Kichwa kikazunguka, akatapika hadi akaishiwa nguvu za miguu, wakamfunga kwenye baiskeli hadi zahanati.

"Nililala huko siku tatu," akasema. "Nikawa nafikiri: huyo Konsolata aliona nini? Sasa umekuja. Uliona nini?"

"Niliona sakafu tupu, mama. Hakuna kiumbe hata kimoja."

"Mwezi gani?"

"Aprili."

Alinitazama, kisha akacheka. Kicheko kilimtoa kikohozi, akamwita mkwe wake. "Skola! Skola, njoo usikie! Anasema tulikuwa tunaloweka Aprili!"

Skola akatoka jikoni, naye akacheka, ingawa chake hakikuwa cha furaha.

"Binti," Bi Veneranda akasema, "Aprili ukiweka muhogo mtoni, utaufuata ziwani. Masika maji yanapita juu ya vidimbwi vyote. Sisi wa mwisho tunautoa mvua za Machi zikianza kupiga. Hata mtoto wa darasa la kwanza anajua. Maganda uliyoyaona yalikuwa mabichi au makavu?"

Nilijua jibu kabla hajamaliza kuuliza. Yalikuwa makavu. Niliyaona makavu, nikayakanyaga, yakavunjika chini ya buti.

Fidelis alikuwa amesimama nyuma yangu. Alikuwa ameshachukua kamba.

Tukashuka mtoni moja kwa moja. Maji yalikuwa machache, yanatembea kwa uvivu, sakafu imefunikwa na tope laini jeusi. Mng'ato wa kwanza tu, sinia likachemka: mabuu wekundu, konokono wa aina tatu, minyoo, mtoto wa kereng'ende aliyekuwa akimla mwenzake bila haya. Mdomo niliouzika Aprili ulikuwa hai.

Nikakimbia kwa Mwenyekiti Hamisi na sinia mkononi, maji yananimwagikia. Akachungulia, akatabasamu kwa upana.

"Umeona sasa? Marufuku imefanya kazi! Miezi miwili tu!"

Alikuwa amenitumia hoja yangu mwenyewe, na ilikuwa imesimama vizuri kuliko nilivyoisimamisha mimi. Sakafu ilikuwa tupu, muhogo ukaondolewa, sakafu ikajaa. Ningemwambiaje kwamba hayo hayahusiani?

"Mwenyekiti, huenda ni mafuriko ya masika yaliyoiosha, na sasa imerudi yenyewe."

"Huenda," akasema. "Mara ya kwanza ulikuja na 'kinachoelekea'. Leo 'huenda'. Mimi nina watu wanaovua samaki humo. Niletee kitu ninachoweza kukishika."

Hakuwa mkorofi. Alikuwa na mashaka, na mimi ni mtu wa mwisho duniani wa kumlaumu mtu kwa mashaka.

Mkuu wangu wa mradi ndiye aliyekuwa rahisi kumlaumu. "Ripoti imeshapokelewa," aliniambia. "Hatuwezi kuwa watu wa kurudi nyuma." Nikamwuliza kama mto umeshapewa taarifa hiyo. Nikaambiwa niende likizo nikatulie. Nikaichukua likizo, yote, nikaikatakata vipande vya siku mbilimbili, kila mwezi kipande chake. Niliamua kwamba nitaufuata mto huo hadi unijibu, hata kama jibu lenyewe lingeniaibisha mbele ya kijiji kizima.

"Nitakuja nawe," Fidelis alisema. "Lakini matope utabeba wewe."

Jaribio lilikuwa moja tu, na halikuwa mikononi mwangu. Mvua za vuli huufanya mto ujae kama masika, ingawa kwa muda mfupi zaidi. Kama hakuna mtu atakayeloweka muhogo hata kidogo hadi vuli, na mafuriko yakija sakafu ikawa tupu tena, basi muhogo hauna hatia ya Aprili. Lakini akiloweka hata mwanamke mmoja kwa siri, Hamisi atakuwa na haki ya kusema ni yeye. Kwa maneno mengine, ilinibidi nirudi kwa Bi Veneranda, aliyekuwa bado anashika ukuta akisimama, nikamwombe waendelee kuteseka miezi minne.

Nilimweleza nikiwa nimekaa chini. Skola alikuwa anatwanga, akasimamisha mchi.

"Mama, huyu anatuomba tulinde marufuku yake?"

"Ngoja," Bi Veneranda akasema. Akanigeukia. "Na mvua ikija, ukakuta wanyama wako wako palepale, hawajaondoka?"

"Basi nitasema nilikuwa sahihi, na marufuku itabaki."

"Utasema hivyo mbele yangu?"

"Nitasema, mama."

"Vizuri. Ungesema hutasema, ningekufukuza." Akafunga kitambaa chake upya. "Tuna ndizi, tuna viazi. Muhogo mchungu tutauacha ardhini, ardhi haiuozeshi. Skola, kesho utapita upande wa Biharamulo hadi Nyamahanga kwa wale wanaouza udaga gulioni. Waambie atakayeloweka kabla ya mvua atanijua mimi."

Agosti, Septemba, Oktoba. Kila mwezi nilishuka, nikang'ata matope, nikahesabu. Kila mwezi Bi Veneranda alikagua ukingo kwa miguu yake, nguvu zikimrudia kidogokidogo, na mara mbili alimkuta mtu na gunia. Sikuambiwa aliwaambia nini. Niliona tu magunia yakirudi nyumbani. Mimi nilianza kuandika mstari mpya kwenye karatasi zangu za penseli: mvua ya mwisho lini, nani kaniambia.

Novemba mvua ilipiga siku tano. Mto ulipanda hadi kwenye migomba ya chini, rangi ya chai ya maziwa, na ulivunja mafunjo kwa sauti tuliyoisikia tukiwa mlimani. Ulipopungua kiasi cha kuingilika, Mwenyekiti Hamisi alikunja suruali akaingia mwenyewe, na watu wa vijiji vyote viwili wamejipanga ukingoni kama kwenye mechi.

Nikashusha taya. Zikapanda na mchanga. Hamisi akalichukua chekeche mikononi mwake, akalizungusha kama Fidelis alivyomwonyesha. Mchanga mweupe. Mara ya pili, mchanga. Mara ya tatu ganda moja. Aliendelea hadi mara ya tisa, kwa sababu niliomba iwe tisa kama Aprili.

Aliinua macho ukingoni. "Nani ameloweka?"

Sauti ya Bi Veneranda ikamjibu: "Mwenyekiti, ukingo huu nimeukagua mimi; anayemjua aliyeloweka, amtaje."

Hamisi akageukia sinia. "Sasa wanyama wamekwenda wapi? Wamekufa wote?"

"Njoo huku," Fidelis akasema. Akamwongoza hadi kwenye kichaka cha mafunjo kilichobaki kimesimama, akazamisha mkono wake mrefu hadi begani, chini ya mizizi, akang'oa bonge. Tulipoliosha ndani ya sinia, wakatoka: minyoo, konokono wadogo wameng'ang'ania, buu mmoja mmoja. Wengine walichukuliwa na maji, wengine walifukiwa na mchanga na hawakurudi, lakini hawa walikuwa wamejificha kwenye mizizi. Mto ukitulia, hao ndio hushuka kuanza upya, na wenzao huteremka na maji kutoka juu, na vijidudu vyenye mabawa huja kutaga. Mabuu wekundu hurudi kwanza. Kome huja mwisho kabisa, ni watu wa kujivuta. Ndivyo ilivyo kila mwaka, vuli na masika.

Hapo ukingoni, mbele yao, niliitoa chupa ya Aprili niliyokuwa nimeibeba begani. Ndani yake spiriti, mchanga kidogo na karatasi. Nikawaambia niliandika nini na nilikosea wapi. Nikasema kwamba muhogo haukuwemo mtoni siku ile, na kwamba kosa halikuwa la mto wala la kijiji. Sikuweka "huenda" hata moja.

"Iandike," Bi Veneranda akasema. "Maneno ya mdomo nayo huoshwa na mvua."

Fidelis akanipa penseli ya nyuma ya sikio. Chini ya tarehe nikaongeza: Maji makubwa. Muhogo haukuwemo. Nikairudisha karatasi ndani, nikafunga, nikampa Bi Veneranda. Hamisi akaifuta marufuku palepale, miguu yake ikiwa bado majini.

Ningeweza kuishia hapo, na ningeonekana vizuri. Lakini kiangazi kilichofuata vidimbwi vilirudi, nami nilirudi na chekeche, maana sasa nilikuwa na swali jingine: na mto ukiwa mwembamba je? Nikang'ata matope juu ya vidimbwi, nikang'ata na chini yake. Juu, sinia lilijaa kila aina. Chini, hadi umbali wa kurusha jiwe, palibaki mabuu wekundu peke yao, wale wanaovumilia hata maji yaliyooza. Mto wa kiangazi hauna nguvu ya kuupunguza ukali wa muhogo; unaubeba taratibu na kuulaza sakafuni.

Fidelis alitazama masinia mawili, kisha akanitazama mimi. "Utasema?"

Sikulala vizuri siku hizo. Wanawake wale walikula viazi miezi minne kwa ajili ya ukweli wangu wa kwanza. Sasa nilikuwa na wa pili, na ulikuwa unawauma. Lakini niliahidi kusema mbele ya Bi Veneranda hata jibu likiwa baya, na ahadi hiyo haikuwa na msimu. Nikabeba masinia yote mawili hadi mlangoni kwake, nikayaweka mkekani, nikamwacha atazame kwanza.

Skola ndiye aliyelipuka. "Ameanza tena!"

Bi Veneranda akachokoa buu kwa kijiti. "Aprili si sisi," akasema.

"Si ninyi."

"Agosti ni sisi."

"Ni ninyi, mama. Lakini kwa kipande kidogo tu, na mvua za vuli zinapasafisha."

Kisha akauliza swali ambalo hakuna mtu ofisini kwangu aliyewahi kuliuliza: "Kidimbwi kikiwa kando, juu kidogo, maji yake yamwagwe kwenye migomba yasirudi mtoni, itakuwaje?"

"Sijui," nikasema. "Tujaribu."

Walichimba upya, hatua kadhaa kutoka ukingoni, wakaleta maji kwa mfereji mwembamba. Agosti iliyofuata masinia yangu mawili yalifanana kiasi cha kunifanya nirudie kuhesabu. Vidimbwi viko hapo hadi leo. Nendeni mkavione, na msiniamini mimi. Ng'ateni matope wenyewe, juu na chini, kiangazi na masika, na mkikuta tofauti na niliyoyaandika, andikeni.

Nilipomuaga Bi Veneranda kabla ya kuacha kazi, chupa ya Aprili ilikuwa kwenye rafu yake. Alikuwa ameimwaga spiriti zamani, akaikausha, akaijaza mbegu za maharage. Karatasi bado imo katikati ya mbegu, na penseli haijafutika. Kila afisa kijana anayefika Nyarusenyi anaitwa kwake kwanza, anapewa kigoda, anaonyeshwa chupa, anasomewa. Halafu anaulizwa mvua kubwa ya mwisho ilinyesha lini.

Hakikisheni mnalo jibu. Asiyekuwa nalo, Bi Veneranda ana jembe la ziada nyuma ya mlango, na shamba lake la muhogo halijawahi kukosa magugu.